Mimi feki ana adabu kuliko mimi

Kuna mtu kanifungulia akaunti Facebook. Picha yangu ile niliyopiga pale Nyerere Square, Dodoma, jina langu lile lile ila kaongeza herufi moja mwishoni ambayo hata mimi mwenye jina sikuiona mpaka nikaonyeshwa, alafu akaanza kuomba urafiki kwa ndugu zangu mmoja mmoja.

Wa kwanza kunasa ni mamdogo, anauza karanga soko la Majengo, na msidhani ni mshamba wa simu, yule anapokea oda WhatsApp kutoka Singida mpaka Morogoro. Alinaswa na shikamoo. Jamaa kaingia inboksi, "Shikamoo mamdogo, mmeamkaje huko Nkuhungu?" Kwisha habari. Huku kwetu mtu akishakuamkia ukaitikia marahaba utamgeukiaje tena umuulize we nani? Siku nne nzima salamu tu, anaulizia mpaka mguu unaomsumbua (ya mguu niliyaposti mimi mwenyewe, tumuombeeni mamdogo, ndo hivyo), siku ya tano akapata ajali ya bodaboda Dar, anaomba 80,000, "jina litakuja lingine mama usishtuke, ni la nesi."

Jina likaja kweli, la mwanamke, mamdogo akaona eeh nesi huyo. Na sisi tumejiaminisha kwamba tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na NIDA basi jina likitokea ndo mwenyewe. Thubutu! Kuna mawakala wa mwavuli wanakwambia mashine imegoma weka kidole tena, kumbe unasajilia laini nyingine. Piga *106# uone zilizo chini ya kitambulisho chako, dada yangu alikuta mbili hazijui.

Polisi tumeripoti, namba ya tapeli tumeipeleka 15040, ile ya kuripotia matapeli, sheria ya makosa ya mtandao ipo toka 2015, hela bado.

Kichekesho sasa, mdogo wangu wa kweli kabisa, yuko chuo, UDOM, wiki hiyo hiyo alimwandikia "mambo mamdogo, niaje", mamdogo akambloku. Eti tapeli huyo, mtoto wa dada yangu hawezi kuniambia mambo.

Juzi nimeenda kumpa pole, nikamwambia si ungenipigia tu, sauti yangu unaijua. Akaendelea kupepeta karanga zake wala hakuniangalia.

"Nikupigie ya nini na mtu kaniamkia siku tano mfululizo? Wewe huu mguu umeuulizia lini?"