Seli za kinga zinazowinda uvimbe, na kansa ya mama zetu

Jamani hii tiba ya kumtoa mgonjwa seli zake za kinga, wanaenda kuzifundisha maabara kuijua kansa afu wanamrudishia mwilini, naifuatilia sana na naona kwa kansa ya shingo ya kizazi inawahusu kina mama wa huku Dodoma kuliko inavyosemwa.

Ilifanikiwa kwanza kwenye kansa ya damu, Marekani wakairuhusu 2017 kwa watoto na vijana wenye lukemia iliyogomea dawa. Kule seli mbaya karibu zote zina alama moja, CD19, na hata ukiua seli B (aina ya seli za kinga) nzima zenye alama hiyo mtu bado anaishi. Sasa njoo kwenye uvimbe wa titi, tumbo au mapafu, hapo ni shughuli, maana kupenya ndani kwenyewe kazi, oksijeni haba, seli zikifika zinachoka mapema, na kibaya zaidi alama ya kwenye uvimbe unaikuta na kwenye viungo vizima. Mwaka 2010 iliripotiwa mgonjwa aliyepewa seli za kuwinda HER2, moja ya hizo alama, zikamshambulia mapafu na akafariki ndani ya siku chache. Ndo maana kuna watafiti wanatengeneza seli ambazo haziui mpaka zione alama mbili kwa pamoja.

Ila shingo ya kizazi! Hii kansa karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV, na ndani ya seli za kansa kunakuwa na protini ya kirusi, E7, ambayo ni ya kirusi chenyewe sio ya mwili, kwahiyo shabaha iko wazi kabisa. Mtafiti wa Marekani Christian Hinrichs na wenzake walitoa matokeo ya seli zinazowinda E7 mwaka 2021, wagonjwa 12 wenye kansa za HPV zilizosambaa, 6 uvimbe ulinywea. Chanjo kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14 tunayo na ni bure (wapelekeni jamani), lakini mama aliyeshaugua haimtibu.

Kinachoniuma ni kwamba seli zile zinamfaa mwenye aina ya tishu HLA-A*02:01 tu (HLA ni protini zinazoonyesha vipande vya E7 juu ya seli ili seli za kinga zivione), na hiyo wanayo zaidi watu wa Ulaya kuliko sisi. Yaani kansa inatumalizia mama zetu afu dawa inapimwa kwa miili mingine! Pale Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma wanapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu tangu 2023, na uloto hupandikizi bila kulinganisha HLA ya mtoto na ya ndugu yake, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nao wako hapohapo jirani. Basi kina mama wa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Bahi nao wapimwe, ijulikane HLA zipi ndo nyingi huku, wanaotengeneza hizi seli wazifanyie kazi na hizo.