Mgongo wa Farasi na Miguu ya Wazee Wetu

Mzee aliyeketi juu ya farasi anayetembea taratibu huonekana kana kwamba anabebwa tu, kumbe mwili wake wote uko kazini. Kila farasi anapopiga hatua, mgongo wake huisukuma nyonga ya mpandaji mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, karibu sawa na nyonga inavyocheza mtu anapotembea kwa miguu yake mwenyewe, na misuli ya tumbo, mgongo na mapaja hulazimika kujibu papo hapo ili kiwiliwili kisielemee upande. Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilimwacha na miguu iliyopooza kuanzia magotini kushuka chini, alirudi kwenye tandiko na kutwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, ingawa alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka.

Huku kwetu Mtwara farasi ni nadra, kwa hiyo siwezi kumshauri mama yangu akamtafute. Ninachokichukua ni kanuni yenyewe: mizani ya mwili hujengeka pale mwili unapotikiswa kidogo ukajirudisha, wala haijengwi na kiti. Nasi, kwa mapenzi na heshima, tumewazoesha wazee wetu kiti. "Kaa tu, mama, maji nitakuletea" ni maneno ya adabu, lakini yakisemwa kutwa kucha, mwaka baada ya mwaka, misuli ya miguu hulegea na woga wa kuanguka huzidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku 3 kwa wiki.

Mama hufanya yake barazani. Hushika nguzo kwa vidole viwili, huinua mguu mmoja na kuhesabu polepole hadi kumi, kisha hubadilisha. Wa kushoto hutetemeka zaidi, naye huurudia huo. Maji yakipwa tunashuka pwani ya Mikindani kutembea kwenye mchanga mbichi, mimi ubavuni mwake bila kumshika. Nyayo huzama, na vifundo vya miguu hujirekebisha kila hatua, kazi ambayo tandiko haliwezi kuvipa kwa kuwa juu yake miguu haibebi uzito wa mwili.

Mwenye kizunguzungu, au aliyewahi kuvunjika nyonga, aonwe kwanza na mtaalamu wa tiba ya viungo, na asiachwe peke yake nguzoni.