Nishati moja kwa zamu: ninavyofundisha kadi za Pokémon

Watoto wa hapa mtaani kwetu Tabata wakiniomba niwafundishe kadi za Pokémon, mchezo wa wawili wanaopambanisha wanyama wa kubuni waliochorwa kwenye kadi, wote wanataka kuanza na Charizard. Nawaelewa: joka la moto, mabawa yametanda, uhai 120. Lakini mimi humweka pembeni kwanza, nikawapa sheria moja waitafune. Kila zamu unaruhusiwa kumpa mnyama wako kadi moja tu ya nishati, yaani nguvu anayohitaji ili ashambulie, kutoka mkononi. Ukiielewa hiyo, umeuelewa mchezo.

Mengine hayachukui muda. Kila mtu ana fungu la kadi 60, na kadi zenye jina moja hazizidi nne, isipokuwa nishati za kawaida. Unachanganya, unachota saba. Mnyama mmoja wa mwanzo unamweka mbele, wengine hadi watano wanakaa benchi. Kadi sita unazifunika pembeni, ndizo zawadi. Ukimwangusha mnyama wa mwenzako unachukua moja, na anayemaliza zake ndiye mshindi. Unashinda pia mwenzako akiishiwa wanyama mezani, au zamu yake ikifika hana kadi ya kuchota. Kila zamu huanza kwa kuchota kadi moja, na ukishashambulia, zamu yako imekwisha.

Sasa tumrudie Charizard. Kadi zangu ni za seti ya kwanza ya Kiingereza, ya mwaka 1999, alizokuja nazo kaka yangu kutoka Uingereza. Shambulio lake la Fire Spin linakata uhai 100, ila linadai nishati nne, maana yake zamu nne za kumlisha. Wala hashuki mezani akiwa mkubwa: anaanza Charmander, anakua Charmeleon, ndipo awe Charizard, na hawezi kukua zamu ileile aliyoingia. Ukimtanguliza Charmander mbele na uhai wake wa 50, atapigwa kabla hajakua, na nishati zote ulizompa zitaondoka naye. Mlee benchi. Mbele mweke mwingine wa kupokea kipigo.

Mpwa wangu, yuko darasa la tano, aliniuliza, "Mjomba, mbona kila zamu naweka nishati halafu sipigi?" Nikamwambia aache kumtazama wa mbele, ahesabu nishati zilizoko benchi. Akahesabu kwa kidole. Tangu siku hiyo anapanga zamu mbili mbele, na kumfunga imekuwa kazi kwelikweli.

Kuna jambo jingine: Fire Spin ikishapiga, unatupa nishati mbili. Charizard anabaki na mbili, kwa hiyo unahitaji zamu mbili nyingine za kumlisha. Mwenye Charmander wa pili benchi anapumua. Asiye naye anasubiri huku anapigwa.

Pambano ninalolipenda kuliko yote ni la Charizard na Blastoise. Blastoise, kobe wa maji, ana uwezo uitwao Rain Dance, unaomruhusu mchezaji mwenye kadi hiyo kuwapa wanyama wake wa maji nishati za maji kadiri alizonazo mkononi. Yaani ile sheria ya nishati moja, yeye anaivuka! Shambulio lake la Hydro Pump linakata 40, na ukimwongezea nishati mbili za maji linafika 60. Charizard ni dhaifu kwa maji, kipigo kinakuwa maradufu: 120, uhai wake wote. Upande wa pili, Blastoise ana uhai 100, na Fire Spin inakata 100 ileile. Kila mmoja anammaliza mwenzake kwa pigo moja, kwa hiyo aliyewahi kujiandaa ndiye anayepona. Waliozipanga namba hizi nawaheshimu sana.

Kuhesabia vipigo sisi tunatumia komwe za bao, kila moja ni kumi. Kadi ikisema urushe sarafu, tunarusha ya shilingi 200, upande wa Karume ndio kichwa. Kadi zivalisheni mifuko yake ya plastiki, maana jasho la Desemba linaziharibu, na msicheze chini ya feni.

Fungu lako la kwanza liwe la aina moja ya nishati, mbili zikizidi sana. Ukichanganya moto, maji na majani, utakaa na nishati mkononi ambazo hakuna mnyama wako anayezihitaji, na zamu itapita hivihivi. Pia jihadhari na kadi ya Energy Removal: mwenzako anakuvua nishati moja bila kupoteza shambulio lake. Mtu akishakufanyia hivyo mara mbili, usimrundikie mnyama mmoja kila kitu; gawa kwa wawili.