Onesimo wa dukani kwangu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii sikulala vizuri, na sababu ni neno moja tu: "Hufai." Jumatatu nilimwambia hivyo kijana anayenisaidia kupima nafaka, tena mbele ya wateja, baada ya hesabu kupungua shilingi 86,000. Hakujibu. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mizani, akaondoka.

Alhamisi jumuiya tukafungua Filemoni, barua ambayo Paulo anamwomba Filemoni ampokee tena mtumwa wake Onesimo. Sura moja, mistari 25, nami siku zote huwa naipita nikikimbilia Waebrania. Mwinjilisti akatueleza kwamba Onesimo ni jina la Kigiriki, maana yake "mwenye kufaa", "mwenye faida", na enzi za Warumi watumwa wengi waliitwa hivyo. Mtumwa huitwa kile bwana anachokitaka kwake, kama sisi tunavyomwita mbwa wa getini Simba.

Sasa tazameni Paulo anavyolichezea hilo jina mstari wa 11: zamani alikuwa hakufai, bali sasa akufaa sana, wewe na mimi pia. Mstari wa 20 anasema, nipate faida kwako, na kwa Kigiriki neno hilo ni la shina moja na Onesimo. Ni kama anamwambia Filemoni: haya, tajiri, zamu yako kufaa.

Ndugu zangu, tunawaitaje watu walio chini ya mikono yetu? Dada wa kazi ana jina la ubatizo, nyumba nzima hailijui. Jumapili tunaimba mpaka sauti inakauka, Jumatatu mtoto wa mwenzetu ni mzigo, ni mkosi, ni kula bure. Tuache! Na msiniambie hasara inauma, naijua. Paulo naye hakusema hasara haikuwapo. Alisema kama unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa, akaliandika hilo kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo machozi yalinitoka.

Ijumaa kabla ya kufungua duka nilitoa daftari la madeni. Kwenye ukurasa wake sikuwa nimeandika hata jina. Niliandika HASARA, nikapiga mistari miwili chini yake. Nimelikata. Nimeandika jina alilopewa na mama yake, na zile 86,000 nimezihamishia kwenye ukurasa wangu.

Nimempigia mara tatu, hapokei. Kesho baada ya ibada nakwenda kwao. Aproni nimeifua.