Kulizimua Ziwa Walker: hesabu na vipimo ninavyovitegemea

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu Ziwa Walker, kule Nevada, ni kwa nini chumvi yake isichujwe tu. Mimi hujibu kwa hesabu. Kilomita moja ya ujazo ya maji yenye gramu 20 za chumvi kwa lita imebeba tani milioni 20 za chumvi. Hata mtambo wa kuichuja ungepatikana, ungeimwaga wapi? Chumvi inaachwa ilipo, yanatafutwa maji ya kuizimua.

Ziwa hili, kama Turkana, linaingiwa na mto lakini halina mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa mvuke, kati ya mita 1.2 na 1.5 kila mwaka, ilhali mvua haifiki milimita 150. Tangu 1882, kadiri mashamba ya juu yalivyozidi kunywa Mto Walker, ziwa limeshuka zaidi ya mita 45, na chumvi imepanda kutoka takriban miligramu 2,500 kwa lita hadi kupita 20,000. Samaki aina ya trauti wa Lahontan, waliokuwa chakula cha Wapaiute, wenyeji wa asili wa hapo, hawawezi tena kuishi humo. Lengo la urejeshaji ni kuishusha chumvi hadi miligramu 12,000 kwa lita.

Tani za chumvi hazibadiliki sana, kwa hiyo kutoka 20,000 hadi 12,000 ujazo lazima uongezeke kwa theluthi mbili. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mpango unapoharibika: ziwa likijaa, uso wake hutanuka, na mvuke nao huongezeka. Kila kilomita 10 za mraba za uso mpya, kwa mvuke wa mita 1.4, hula mita za ujazo milioni 14, na mwaka unaofuata hula tena. Ndiyo maana naandika hesabu mbili mbalimbali: maji ya kujaza, ambayo yana mwisho, na maji ya kulishikilia ziwa lilipofika, ambayo hayana mwisho.

Maji yenyewe hununuliwa. Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 200 kwa maziwa ya jangwani ya namna hii, na Walker Basin Conservancy, shirika la uhifadhi lililoanzishwa 2014, hununua haki za maji kutoka kwa wakulima walio radhi kuuza. Haki hizo ziko chini ya hukumu ya mahakama ya 1936, Decree C-125, na kila moja ina mwaka wake, yaani mwaka maji yalipoanza kutumiwa. Yenye mwaka wa zamani zaidi huhudumiwa kwanza. Sihesabu kamwe kiasi kilichoandikwa kwenye hati. Mkulima wa alfalfa, majani ya malisho, hufungulia mfereji maji mengi, lakini mimea hunywa sehemu tu. Mengine huzama ardhini au hurudi mtoni, na jirani wa chini anayategemea. Kinachoweza kwenda ziwani ni kile kilichokuwa kikinywewa. Na haki ya mwaka wa karibuni, ukame ukiingia, ni karatasi tu.

Baada ya hapo maji yasafiri. Nalinganisha kilichoachiwa kwenye malango ya mifereji na kipimo cha mto pale Wabuska, kisha na kinachotoka bwawa la Weber, lililo kati ya hapo na ziwa. Mto ukiwa mkavu, mchanga na miti ya kingoni hunywa kwanza. Kuachia maji kidogo kidogo katikati ya kiangazi ni kumwagilia mchanga. Afadhali yaende kwa mkupuo, wakati wa baridi.

Kupima chumvi kuna mitego yake. Kifaa cha upitishaji umeme kinachoonyesha chumvi moja kwa moja kimepangwa kwa maji ya aina nyingine, wakati haya yana salfeti na kaboneti nyingi. Nasoma upitishaji uliorekebishwa hadi nyuzi 25, kisha naulinganisha na chumvi iliyokaushwa maabara. Maji huchujwa, hukaushwa kwa nyuzi 180, hupozwa mahali pakavu, hupimwa, hurudishwa kwenye tanuri, na hupimwa tena hadi uzito utulie. Masalia yasizidi miligramu 200, kwa hiyo kwa maji ya gramu 20 kwa lita, mililita 10 zinatosha. Ukizidisha, juu hufunga ukoko unaozuia maji ya ndani, na chumvi husomeka zaidi ya ilivyo. Kosa la upande wa pili halionekani kwa macho: bikaboneti ikikauka hugeuka kaboneti na kupoteza karibu nusu ya uzito wake. Pima alkalini (kiasi cha bikaboneti na kaboneti) pembeni, urudishe kilichopotea, la sivyo utajisifu kwa nafuu ambayo haipo.

Usichote maji ya juu peke yake. Mwaka wa theluji nyingi, maji matamu ya mto huelea juu ya yale mazito ya chumvi, na tabaka hizo zinaweza kukaa bila kuchanganyika. Ziwa Mono la California lilikaa hivyo kuanzia 1995 hadi 2003. Mimi hushusha kipima mita kwa mita hadi chini, pamoja na oksijeni, kwa sababu samaki hukimbia joto la juu wakakutana na maji yasiyo na hewa. Kupata wastani, nazidisha kipimo cha kila tabaka kwa ujazo wake, najumlisha, kisha nagawanya kwa ujazo wote. Mita moja karibu na sakafu haina uzito sawa na mita moja ya juu.

Limebaki shamba lililouzwa maji yake. Likikatiwa maji ghafla, magugu hulitawala na upepo huondoa udongo. Vichaka vya kienyeji vinavyostahimili chumvi, kama Atriplex, huoteshwa kwanza na kumwagiliwa kwa misimu michache, huku maji yakipunguzwa. Hayo nayo ni maji yaliyokuwa yaende ziwani, kwa hiyo nayaandika upande wa matumizi tangu siku ya kununua.