Barafu ya ofisini: ikiyeyuka inarudi kwenye tangi

Mashine ndogo ya barafu inayokaa juu ya kaunta ya jikoni ofisini si friza, na wengi hawalijui hilo. Kikapu chake hakigandishi chochote. Barafu iliyomo huyeyuka polepole, maji yakapita kwenye matundu ya kikapu na kurudi kwenye tangi lililo chini. Pampu huyapandisha tena hadi kwenye kitrei chenye vijiti vya chuma vya baridi kali, na baada ya dakika 6 hadi 10 hivi yanakuwa barafu mpya. Kwa hiyo mtu akitia mkono ambao umetoka kushika chapati, au akichota kwa kikombe alichokwisha kunywea, uchafu wake huingia kwenye barafu ya kila anayekuja baada yake. Baridi haiusafishi: norovirusi, vinavyoleta kutapika na kuhara, na virusi vya homa ya ini A havifi kwa kugandishwa.

Ndiyo maana kazi ya jioni ina uzito kuliko zote. Chomoa plagi, mwaga barafu iliyobaki, tega beseni kisha fungua kizibo cha kutolea maji. Maji hayaishi yote. Yanayobaki kwenye kona na chini ya pampu yakaushe kwa kitambaa safi, na kifuniko kiache wazi hadi asubuhi. Ukikifunga kukiwa na unyevu Ijumaa, Jumatatu pitisha kidole kwenye ukuta wa tangi: ukiteleza, utando wa bakteria umeshaanza.

Mara moja kwa wiki osha kikapu na kichoteo kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kisha futa tangi, kitrei na upande wa ndani wa kifuniko, ambao husahaulika sana. Suuza. Halafu tumia jiki isiyo na manukato. Ile ya asilimia 3.5, mililita 3 kwa lita moja ya maji zinatosha. Pakaza ndani, subiri dakika 2, toa maji yote, suuza vizuri. Usiilaze mashine na jiki usiku kucha, maana klorini hula chuma.

Chumvi ya maji ni shida nyingine. Ofisi nyingi za Dar es Salaam zinatumia maji ya kisima, na kuyachemsha kunaua vijidudu lakini chumvi inabaki palepale. Dalili zake ni chembe nyeupe zinazobaki kwenye glasi barafu ikiyeyuka, vipande vyembamba, na barafu kung'ang'ania vijiti. Changanya kijiko kikubwa kimoja cha asidi ya sitriki kwa lita moja ya maji, au siki na maji nusu kwa nusu. Zungusha kwa programu ya kujisafisha kama ipo, acha dakika 15 hadi 20, mwaga, suuza mara 3, kisha tupa barafu ya mizunguko miwili ya kwanza. Kwa maji ya kisima fanya hivyo kila wiki mbili; kwa maji ya jagi la dispensa, kila mwezi. Vijiti visisuguliwe kwa stilwaya: vingi vimepakwa nikeli, na ikikwaruzwa hubanduka na kuingia kwenye barafu.

Jiki na siki, au jiki na sitriki, visikutane kabisa. Hutoa gesi ya klorini, na jikoni nyingi za ofisi hazina hata dirisha.

Kichoteo kiwe cha plastiki au chuma, na kikae nje, kwenye chombo chake. Anayechota kwa glasi akaivunja humo ametia vigae visivyoonekana. Hapo mwaga barafu yote, toa maji, futa kila kona. Taa ya "imejaa" ikiwaka ilhali kikapu kitupu, futa sensa iliyo ukutani juu ya kikapu kabla ya kumwita fundi.

Na andikeni jina la mtu mmoja kwenye ratiba kila wiki. Ofisini wakisema "tutaosha", hakuna atakayeosha.