Nilivyopima risasi kwenye rangi ya nyumba yetu Upanga

Nyumba ya familia yetu pale Upanga, Dar es Salaam, ilijengwa kabla ya Uhuru, na kila aliyeishi humo amepaka rangi yake juu ya ya mwenzake. Mdogo wangu alipohamia na mtoto anayetambaa, tukakubaliana ipakwe upya. Fundi akaja na skrepa na msasa, tayari kuanza. Nikamwomba asubiri kwanza nipime kama rangi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Rangi za mafuta zilitiwa risasi kwa ajili ya kung'aa, kukauka upesi na kuzuia kutu. Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, lakini kwetu ziliendelea kuuzwa madukani miaka mingi baadaye, kwa hiyo hata tabaka la juujuu sikuliamini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima.

Kuta sikuhangaika nazo sana, zilikuwa na rangi ya maji na hazikubanduka. Nilianza na madirisha ya mbao. Dirisha likifunguliwa na kufungwa, mbao inasuguana na fremu, na unga unadondoka kizingitini, palepale mtoto anaposhika akisimama. Cha jikoni kilikuwa na alama za meno yake.

Binamu yangu aliniletea kutoka nje vijiti vya kupimia, vile vinavyogeuka vyekundu vikigusa risasi. Ukivisugua juu tu unapima rangi ya juzi. Nikachukua wembe, nikachanja kwa mshazari mpaka mbao ikaonekana: nyeupe, krimu, kijani, halafu njano iliyokolea chini kabisa. Kijiti kikageuka chekundu papo hapo. Kwenye grili hakikufaa, maana ile rangi ya kwanza ya chuma ilikuwa nyekundu yenyewe na ingeweza kukipaka.

Tena kijiti hakikwambii ni kiasi gani. Nikabandua vipande kutoka dirishani, mlangoni na kwenye grili, kila kimoja na matabaka yake yote bila mbao wala plasta, maana vikichanganyika vinapunguza kipimo. Nikavitia kwenye vifuko, nikaviandika, nikavipeleka maabara ya kemia. Majibu: dirisha la jikoni lilipita sehemu 5,000 kwa milioni, wakati kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa rangi mpya ni 90. Mlango ulikuwa na kiasi, grili karibu hakuna.

Kazi kubwa ikawa kumshawishi fundi.

"Dada, bila msasa rangi haishiki."

"Itashika, fundi. Lowesha kwanza, upige msasa wa maji."

"Hapo nitamaliza lini?"

Nikamwongezea pesa, na sioni kama ilikuwa hasara. Msasa mkavu ungesambaza unga nyumba nzima, na yeye ndiye angeuvuta wa kwanza, halafu angewapelekea wanawe kwenye nguo. Nikamnunulia barakoa ya vumbi yenye kichujio, maana ile ya kitambaa haizuii kitu. Tukatandaza nailoni sakafuni, mtoto na mama yake wakaenda Tabata kwa shangazi.

Dirisha la jikoni niliamua ling'olewe lote na fremu yake. Mlango haukuwa ukibanduka, tukaulowesha, tukauparua pale uliposuguana na fremu, tukapaka rangi iliyoandikwa koponi kuwa haina risasi. Ufagio nilipiga marufuku. Tulifuta kwa matambara mabichi yenye sabuni, tukibadilisha maji kila chumba.

Mtoto naye alitolewa damu. Majibu yalikuwa chini ya mikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita ya damu, kiwango ambacho Marekani wanakitumia tangu 2021 kuamua nani afuatiliwe, lakini daktari wa watoto alitaka apimwe tena baadaye na azidishiwe vyakula vya madini ya chuma na maziwa. Udongo chini ya lile dirisha la zamani bado sijaupima. Kwa sasa tumemwaga zege juu yake.